Alan Arnold Griffith na Siri ya Ufa

Mwanafunzi, bila shaka umepata kumwona fundi akikata kioo cha dirisha. Hatumii msumeno wala nguvu nyingi. Huweka rula juu ya kioo, huburuta kijigurudumu cha chuma kigumu kando ya rula hiyo, kisha hukipinda kioo kidogo kwa mikono. Kioo hukatika palepale palipochorwa. Muuza nguo naye hufanya jambo linalofanana na hilo: hukata pindo la kitambaa kwa mkasi, kiasi cha ncha ya kidole tu, halafu huchana upana mzima kwa mikono yake. Watu hawa wawili wanajua kwamba mahali palipoanza ufa ni dhaifu kuliko mahali pengine. Lakini udhaifu huo ni wa kiasi gani? Ufa wa urefu gani ni wa hatari, na upi unaweza kuachwa bila madhara? Mtu wa kwanza kulijibu swali hili kwa hesabu iliyopatana na vipimo alikuwa Mwingereza, Alan Arnold Griffith. Habari zake ndizo utakazozisoma katika sura hii.

Griffith alizaliwa mjini London tarehe 13 Juni, 1893. Baba yake, George Griffith, alikuwa mwandishi wa riwaya, na katika mwaka uleule aliozaliwa mwanawe alitoa riwaya iliyosimulia vita vya vyombo virukavyo angani. Kumbuka kwamba ndugu wawili wa Marekani waitwao Wright waliruka kwa ndege yao ya injini mwaka 1903, yaani miaka kumi baadaye. Baba huyo alifariki mwaka 1906, kabla mtoto hajatimiza miaka 13. Kijana alisoma shule ya sekondari katika mji wa Douglas, kwenye kisiwa cha Man kilichoko baharini kati ya Uingereza na Ireland, kisha akaingia Chuo Kikuu cha Liverpool. Mwaka 1914 alipata shahada ya uhandisi wa mitambo ya daraja la kwanza. Mwaka uliofuata aliajiriwa katika Kiwanda cha Kifalme cha Ndege huko Farnborough, kusini-magharibi ya London.

Wakati huo Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa imekwisha anza. Usidhani kwamba ndege za siku zile zilifanana na hizi uzionazo angani. Mifupa yake ilikuwa ya mbao, ikakazwa kwa waya na kuvikwa kitambaa. Vipande vingi vya mbao viliunganishwa kwa gundi, na gundi moja iliyotumika sana ilitengenezwa kwa maziwa. Rubani aliyepanda ndege ya namna hiyo alitegemea ubao, waya na ule mstari mwembamba wa gundi. Marubani wa Uingereza waliorusha ndege hizo vitani hawakupewa miavuli ya kuwashusha salama. Mhimili ukivunjika au kiungo kikiachana huko juu, hapakuwa na njia nyingine ya kuokoka. Kwa hiyo swali la kwa nini vitu huvunjika halikuwa mchezo wa wasomi huko Farnborough.

Kazi ya kwanza iliyomletea Griffith sifa ilifanywa kwa povu la sabuni. Yeye na mwenzake Geoffrey Ingram Taylor walitaka kujua ni sehemu gani ya mhimili inayopata taabu zaidi mhimili huo unaposokotwa. Kama mhimili ni wa mviringo kamili, hesabu yake ni rahisi. Lakini kama una pembe na mifereji, hesabu humshinda hata mtaalamu. Basi walitoboa bamba la chuma tundu lenye umbo la mhimili uliokatwa, wakatandaza utando wa sabuni juu ya tundu hilo, na kuuvimbisha kidogo kwa hewa. Palipo na mwinuko mkali katika utando ndipo penye mkazo mkubwa katika mhimili. Matokeo yao yalitangazwa mwaka 1917. Utando ulionyesha wazi kwamba hatari hukusanyika katika pembe kali za ndani, na wenzake kazini wakampa Griffith jina la utani la bwana mapovu ya sabuni.

Pembe kali zikamwongoza kwenye mikwaruzo, na mikwaruzo ikamwongoza kwenye fumbo. Mwaka 1913 mhandisi mwingine, Charles Inglis, alikuwa amefanya hesabu ya bamba lenye tundu ambalo linavutwa huku na huku. Sehemu iliyotobolewa haiwezi kubeba mzigo. Basi mzigo wake huzunguka na kusongamana kando ya tundu, kama vile maji ya mto yanavyosongamana pembeni mwa mwamba. Tundu likiwa refu na jembamba kama ufa, msongamano huo kwenye ncha huwa mkubwa mno. Lakini sikiliza ajabu yake: kwa hesabu ya Inglis, kilichokuwa na maana ni umbo la tundu. Ukubwa wake haukuhesabiwa. Mkwaruzo mdogo usioonekana kwa macho ungedhoofisha chuma sawasawa na mkwaruzo mkubwa wenye umbo lilelile. Kila fundi alijua kwamba jambo hilo si kweli, kwani ufa mrefu ni mbaya kuliko ufa mfupi. Hesabu haikuwa na kosa, nao mafundi hawakukosea. Je, ni kitu gani kilichosahauliwa?

Griffith alichagua kufanya majaribio yake kwa kioo. Watu wengi wangeona ni uchaguzi wa ajabu, maana hakuna anayejenga ndege kwa kioo. Lakini ulikuwa uchaguzi wa busara. Chuma laini kikivutwa hunyumbuka kwanza kabla ya kukatika, na kunyumbuka huko huvuruga hesabu. Kioo hakina tabia hiyo. Hustahimili, hustahimili, kisha huvunjika ghafla.

Alichukua vibofu vya kioo vya mviringo, vyenye kipenyo cha sentimita nne hivi, na kila kimoja akakitia ufa wa urefu aliokwisha upima. Alivipasha moto na kuviacha vipoe polepole ili kioo kitulie. Halafu alisukuma kiowevu ndani ya kila kibofu, akiongeza msukumo kidogo kidogo mpaka kikapasuka. Kibofu chenye ufa wa karibu milimita 4 kilipasuka wakati kila sentimita ya mraba ya kioo ilipobeba kilo 61. Chenye ufa wa karibu milimita 14 kilipasuka kwenye kilo 34. Na chenye ufa wa karibu milimita 23 kilipasuka kwenye kilo 26 hivi. Yatazame mafungu haya ya namba kwa makini. Ufa haukupunguza nguvu ya kioo ovyo ovyo. Ulifuata sheria: ufa ukirefuka mara nne, nguvu inayotosha kuvunja hupungua kuwa nusu, ukirefuka mara tisa, hupungua kuwa theluthi.

Sasa utauliza, sheria hiyo inatoka wapi? Hapa ndipo penye akili ya Griffith, nawe usipite haraka. Chukua kipande cha mpira, ukivute. Umekiwekea akiba ya nishati, ukikiachilia, kitaruka. Kioo nacho kikivutwa huweka akiba kama hiyo, ingawa macho hayaoni kikirefuka. Ufa unaposonga mbele, kioo kilicho kando yake hulegea, na akiba yake huachiliwa. Hayo ndiyo mapato. Lakini ufa hausongi bure. Unapopita huacha nyuso mbili mpya mahali ambapo hapakuwa na uso, na kuzitenga chembe zilizokuwa zimeshikana hugharimu nishati. Hayo ndiyo matumizi. Ufa ukirefuka mara mbili, gharama ya nyuso mpya huongezeka mara mbili tu, kwa sababu nyuso zimekuwa ndefu mara mbili. Lakini akiba inayoachiliwa huongezeka mara nne, kwa kuwa eneo linalolegea hukua kwa urefu na kwa upana pia. Kwa hiyo ufa mfupi hauwezi kujilipia safari, nao hubaki umelala. Ukipita urefu fulani, mapato huzidi matumizi, na hapo hukimbia wenyewe mpaka kitu kizima kikatike. Inglis alihesabu jinsi mzigo unavyosongamana. Griffith aliongeza swali la nani atakayelipa gharama ya nyuso mpya.

Ili hesabu yake ikamilike, ilimbidi ajue gharama ya uso mmoja wa kioo. Umekwisha soma kwamba uso wa maji una kitu kama ngozi, ambacho humwezesha mdudu mwepesi kutembea juu yake bila kuzama. Kioo kigumu nacho kina mvutano wa namna hiyo, lakini huwezi kuupima kikiwa baridi. Griffith alikiyeyusha kioo, akapima mvutano wa uso wake katika joto la kila kiwango, toka nyuzi 1,100 hivi za Selsiasi kushuka hadi nyuzi 745, kisha akauendeleza mstari wa vipimo hivyo hadi kufikia joto la kawaida la chumbani. Namba aliyoipata ilikaribia ile iliyotakiwa na vibofu vyake vilivyopasuka.

Likabaki swali moja. Fimbo ya kioo isiyo na ufa wowote unaoonekana huvunjika pia, tena kwa nguvu ndogo kuliko inavyotazamiwa ukifikiri jinsi chembe za kioo zinavyoshikana. Je, huenda ina nyufa ndogo zilizofichika? Griffith alivuta nyuzi kutoka katika kioo kilichoyeyuka, nyingine nene na nyingine nyembamba sana, akazipima moja moja. Uzi wenye unene wa milimita moja ulikatika kwenye kilo 1,750 kwa kila sentimita ya mraba. Jinsi uzi ulivyozidi kuwa mwembamba, ndivyo kioo chake kilivyozidi kuwa na nguvu. Ule mwembamba kuliko yote, ambao unene wake ulikuwa sehemu ya ishirini hivi ya unywele wa mtu, ulistahimili kilo 34,500 kwa kila sentimita ya mraba. Ni kioo kilekile, lakini nguvu yake ilikuwa imeongezeka karibu mara ishirini! Uzi mwembamba hauna nafasi ya kuhifadhi ufa mkubwa. Nyuzi za kioo zinazotiwa leo ndani ya plastiki ili kuunda mashua na matangi ya maji hutegemea jambo hilohilo.

Makala yake ilitolewa na chama cha wanasayansi kiitwacho Royal Society mwaka 1921. Leo hii kila mhandisi anayejifunza mambo ya kuvunjika huanzia hapo. Lakini usifikiri kwamba alishangiliwa. Wahandisi wa siku zile walijenga kwa chuma, na habari za vibofu vya kioo ziliwahusu kidogo. Tena inasimuliwa kwamba jioni moja taa ya gesi ya kuyeyushia kioo iliachwa ikiwaka katika chumba cha majaribio, moto ukatokea, na wakubwa wakamwamuru Griffith aache kupoteza muda kwa vioo na ashughulike na injini.

Aligeukia injini kweli, na huko pia alitangulia wengine. Mwaka 1926 aliandika jinsi mapanga ya tabo yanavyopaswa kuumbwa kama mabawa ya ndege, ili hewa ipite bila kuvurugika. Mwaka 1929 alipelekewa mawazo ya rubani kijana, Frank Whittle, aliyetaka kuiendesha ndege kwa mfuko wa hewa moto utokao nyuma. Griffith aliona makosa katika hesabu za kijana huyo, wala hakumpa moyo. Mtu aliyejua gharama ya ufa katika kioo hakuutambua wakati uliokuwa unakuja mbele yake. Injini ya Whittle iliwashwa kwa mara ya kwanza mwaka 1937, na tarehe 15 Mei, 1941, ndege iliruka kwayo. Hata hivyo, injini kubwa za ndege za abiria za leo husukuma hewa moja kwa moja kupitia safu kwa safu za mapanga, kama alivyopendekeza Griffith. Mwaka 1939 alijiunga na kampuni ya Rolls-Royce. Mwaka 1954 chombo kilichotokana na mawazo yake kiliinuka wima kutoka ardhini kwa msukumo wa injini tu, bila mabawa. Watu walikiita kitanda kirukacho.

Mwaka huohuo wa 1954 dunia ililazimika kuukumbuka ufa. Uingereza ilikuwa imeunda Comet, ndege ya kwanza ya injini za jeti kubeba abiria wa kawaida. Safari zake zilianza tarehe 2 Mei, 1952, kutoka London hadi Johannesburg, na njiani ilitua Entebbe, Uganda. Tarehe 10 Januari, 1954, Comet moja ilipasuka angani karibu na kisiwa cha Elba, Italia, na watu wote 35 waliokuwemo wakafa. Tarehe 8 Aprili nyingine ilipotea karibu na Naples ikiwa na watu 21. Wataalamu wa Farnborough, mahali palepale alipopasulia Griffith vibofu vyake, waliiweka Comet nzima ndani ya tangi la maji, wakaijaza maji na kuipunguzia msukumo tena na tena, kana kwamba inapanda na kushuka angani. Baada ya kama safari 3,000, zikihesabiwa zile za angani na zile za tangini pamoja, mwili wa ndege ulichanika. Ufa mdogo ulikuwa umeanzia kwenye pembe ya tundu, ukarefuka kidogo kila safari, mpaka ulipofika urefu wa kujilipia.

Griffith alistaafu mwaka 1960. Alifariki tarehe 13 Oktoba, 1963.

Sasa turudi kwenye gundi, kwa sababu ndege hazikuiacha zilipoacha mbao. Mwaka 1941 Mwingereza Norman de Bruyne alivumbua gundi ya kuunganisha metali kwa metali, na tangu hapo sehemu nyingi za ndege zimegundishwa badala ya kupigwa ribiti tupu. Utapimaje kiungo cha namna hiyo? Njia ya zamani ni kulaza kipande kimoja juu ya ncha ya kingine, kuvigundisha, kuvivuta hadi viachane, na kugawanya uzito uliotumika kwa eneo lililopakwa gundi. Njia hii ina udanganyifu ndani yake. Ukiongeza urefu wa eneo la gundi mara mbili, kiungo hakibebi mara mbili, maana ncha mbili za gundi hubeba sehemu kubwa ya mzigo na katikati hupumzika. Tena hakuna kiungo kisicho na dosari: hapa pana kiputo cha hewa, pale pana alama ya kidole chenye mafuta. Kila dosari ni mwanzo wa ufa.

Katika miaka ya 1950 mwanasayansi wa Marekani, George Irwin, alipanua hesabu ya Griffith ili itumike hata kwa metali zinazonyumbuka, na katika miaka ya 1960 wenzake nchini humo waliitumia kwa gundi. Hawakuuogopa ufa, bali waliutengeneza kwa makusudi. Fimbo mbili bapa za metali hugundishwa, lakini kwenye ncha moja huwekwa utando mwembamba usioshika gundi, ili pawe na ufa wa urefu unaojulikana. Ncha hizo mbili huvutwa ziachane kama mdomo wa ndege unaofunguka. Mpimaji huandika nguvu iliyotumika, umbali ambao mdomo umefunguka, na urefu wa ufa kila unaposonga. Kutokana na hayo hupata nishati iliyotumika kufungua kila sentimita ya mraba ya kiungo. Gundi nzuri hugharimu mamia, hata maelfu ya mara kuliko nyuso mbili za kioo alizozihesabu Griffith, kwa sababu hunyumbuka mbele ya ncha ya ufa na kumeza nishati kabla ya kuachia.

Unaweza kuona sehemu ya jambo hili darasani. Kata vipande vinne vya kitambaa cha pamba, kila kimoja upana wa sentimita 3 na urefu wa sentimita 20. Pika gundi ya unga wa ngano. Vipande viwili vya kwanza vigundishe ncha kwa ncha, kimoja kikilalia kingine sentimita 5, ili viwe utepe mmoja mrefu. Viwili vilivyobaki vilaze pamoja, vigundishe sentimita 5 za ncha moja, na ncha nyingine uziache wazi upande mmoja kama miguu miwili. Acha vikauke hadi kesho yake. Utepe mrefu uning'inize, ufunge kopo ncha ya chini, utie mchanga kidogo kidogo. Kisha chukua kile chenye miguu miwili: mguu mmoja ufunge juu, mwingine ufunge kopo, utie mchanga vilevile. Katika utepe mrefu huenda kopo likajaa bila kiungo kuachia. Katika kile cha pili utaona gundi ikibanduka mstari kwa mstari, kwa mchanga mchache sana. Kitengeneze tena chenye upana wa sentimita 6, upime mchanga uliotumika. Halafu kingine cha upana wa sentimita 3 lakini kilichogundishwa sentimita 10 badala ya 5. Andika uzito wa mchanga wa kila jaribio katika daftari lako, na uangalie ni badiliko lipi lililoongeza uzito huo, na ni lipi lisiloongeza kitu.